Siku Tano kwa Miguu Katika Mji wa Karatasi

Nilikulia Webuye, magharibi mwa Kenya, katika mji ambao watu wake walijua hali ya maisha kwa kuhesabu malori ya magogo yaliyopita barabarani kuelekea kiwanda cha karatasi. Kiwanda hicho kilianza uzalishaji mwaka 1974, nikiwa bado katika shule ya msingi. Kiliposimama mwaka 2009 nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, na nikaona madawati yakibaki wazi moja baada ya jingine kwa kuwa wazazi wa wanafunzi wangu walikuwa wamefunga mizigo na kurudi mashambani kwao. Kwa hiyo mpwa wangu, muuguzi anayeishi Asheville katika jimbo la North Carolina, aliponipigia simu akasema, "Mjomba, nusu saa kutoka hapa kuna Webuye nyingine, na nayo imefungwa," nilijua nikifika Marekani nitaanzia wapi. Mji huo ni Canton, katika kaunti ya Haywood, ndani ya milima ya Appalachia, nao una wakazi wapatao 4,400. Niliutembelea siku tano mfululizo, na maelezo yafuatayo niliyaandika kila jioni kabla ya kulala.

Alhamisi, 23 Mei 2024

Tuliondoka Asheville asubuhi tukaelekea magharibi, mwendo wa kilomita 30 hivi, milima ikiwa imevaa kijani cha masika pande zote mbili za barabara. Dohani za kiwanda zilitokea kabla ya nyumba yoyote ya mji kuonekana. Nilimwomba mpwa wangu ateremshe kioo cha gari, nikavuta pumzi kwa nguvu, nikitarajia ile harufu ya salfa inayofanana na kabeji iliyochemka kupita kiasi, ambayo kila mtu aliyeishi karibu na kiwanda cha aina hii huitambua hata akiwa usingizini. Sikunusa ila majani mabichi na mvua ya usiku. Huko Canton walizoea kuiita harufu ya pesa, na wageni walipoziba pua wenyeji walicheka. Sasa hewa ni safi, na sikujua kama nifurahi.

Mwenyeji wetu alikuwa akitungoja kwenye daraja. Ni mzee aliyefanya kazi kwenye mashine za karatasi kwa zaidi ya miaka 30, akastaafu miaka michache kabla kiwanda hakijafungwa, na binti yake anafanya kazi wodi moja na mpwa wangu. Tangu kiwanda kifungwe, amekuwa akiwatembeza watu mjini bila malipo: wanafunzi, wageni waliopita njia, na wakati mwingine wenyeji wenzake ambao wameishi hapo maisha yao yote na hawajawahi kuambiwa mji ulivyoanza. Ana sharti moja ambalo halilegezi. Matembezi hayaanzii langoni mwa kiwanda, ingawa kila mgeni hutaka kukimbilia huko na kamera yake. Huanzia juu ya maji. Alisema kuwa kiwanda kilikuja kuufuata mto, wala mto haukukifuata kiwanda, na anayeanza kwa lango ataelewa mambo kinyume.

Mto wenyewe unaitwa Pigeon, yaani Njiwa, kwa ajili ya njiwa wahamao waliokuwa wakipita mabonde haya kwa makundi makubwa mno. Ndege hao hawapo tena duniani. Wa mwisho alikufa mwaka 1914 katika bustani ya wanyama ya Cincinnati. Mahali hapa palikuwa kivuko tu cha mto huo kabla ya reli kufika katika miaka ya 1880, na palibadilishwa jina zaidi ya mara moja. Mwaka 1893 wenyeji walikubaliana juu ya Canton, na inasimuliwa kuwa walilitoa kwenye kibao cha daraja la chuma, kwa maana kampuni iliyolitengeneza ilikuwa ya mji wa Canton, jimbo la Ohio. Nilimweleza mzee kwamba Webuye nayo, wakati wa ukoloni, ilikuwa stesheni ya reli iliyoitwa Broderick Falls. Alisimama akafikiri kidogo, kisha akasema kwamba mji uliotajwa kwa kibao cha daraja hauna haki ya kumcheka mwingine.

Kutoka darajani tulipanda polepole kuelekea katikati ya mji. Barabara kuu ni mbili tu, Main Street na Park Street, zimelala sambamba, na mtu mwenye magoti mazuri anaweza kuzimaliza zote kwa robo saa. Sisi tulitumia saa mbili. Tuliona ukumbi wa Colonial uliojengwa mwaka 1932 kwa ajili ya sinema, na nyumba ya mwaka 1876 iliyogeuzwa kuwa hoteli mwaka 1911, wakati wafanyabiashara wa mbao na karatasi walipokuwa wakishuka kwenye treni na kukosa pa kulala. Lakini mzee hakutaka tutazame juu tu. Kila baada ya majengo machache alituonyesha alama za maji ukutani, nyingine zikiwa juu ya kichwa changu. Mwezi wa Septemba 2004 mabaki ya tufani mbili, Frances na Ivan, yalileta mafuriko mawili kwa muda wa siku zisizofika kumi. Tarehe 17 Agosti 2021 ikawa zamu ya Fred, na watu sita walikufa katika kaunti hii, wengi wao huko Cruso juu ya mto. Aliposimulia habari za Cruso alivua kofia na kuishika mkononi mpaka alipomaliza.

Ijumaa, 24 Mei

Leo ndiyo siku niliyoijia. Tulikuwa watu saba: mimi na mpwa wangu, familia moja ya watu wanne kutoka Ohio, na mzee wetu mbele na fimbo yake. Aliturudisha tena darajani, kama nilivyotarajia, kisha akatupeleka Fibreville, mtaa mdogo ulioanza kama nyumba za wafanyakazi wa kiwanda ng'ambo ya mto. Hapo ndipo alipozaliwa. Nyumba ya baba yake haipo tena, imebaki nyasi na ngazi mbili za saruji zisizoelekea mlango wowote. Alipanda ngazi hizo mbili, akageuka, akatuambia tumfuate kimya, tusizungumze mpaka tufike.

Tulimfuata. Ilikuwa safari ya dakika saba kwa mwendo wake wa sasa, na alisema kwamba baba yake aliimaliza kwa tano. Tulivuka mto, tukapita kando ya reli, tukafika kwenye uzio. Mzee alieleza, baada ya kutupa ruhusa ya kusema tena, kwamba mji mzima ulijengwa kwa kipimo hiki. Mwaka 1908 kiwanda kilipoanza kazi, mfanyakazi hakuwa na gari, na kwa hiyo nyumba, duka, kanisa na shule vililazimika kuwa mahali ambapo mtu angeweza kufika kwa miguu baada ya honi ya mvuke kulia. Honi hiyo ndiyo iliyokuwa saa ya bonde zima. Wake waliinjika sufuria kwa kuisikia, watoto waliacha kucheza, na mzazi aliyekuwa mbali alijua zamu imebadilika. Sijawahi kusikia maelezo mazuri kuliko hayo ya kwa nini mji wa kiwanda hautazamwi kwa gari. Ukiuzunguka kwa gari utaona majengo machache yaliyochoka. Ukiutembea, miguu yako inakuwa imetii mpango uleule uliowaongoza watu waliokutangulia kwa zaidi ya miaka mia moja.

Aliyekianzisha kiwanda ni Peter G. Thomson, mwenye kampuni ya karatasi ya Champion huko Hamilton, Ohio, aliyekuja kutafuta misitu na maji, akavikuta hapa pamoja na reli. Mkwewe, Reuben B. Robertson, alitumwa kwa kazi ya muda tu, akabaki, akakiongoza kiwanda kwa miongo mingi. Majina haya yameandikwa kila mahali mjini. Majina ya waliokata magogo na kusukuma mikokoteni hayakuandikwa, na nadhani ndiyo sababu mzee wetu alipofika kwenye uzio aliacha habari za wenye mali akaanza kutupikia karatasi kwa mikono mitupu.

Nitajaribu kuyarudia maneno yake, maana niliyaandika papo hapo. Gogo humenywa gome, likakatwakatwa vipande vidogo vya ukubwa wa kidole gumba. Vipande hivyo hutiwa ndani ya mitungi mirefu ya chuma na kupikwa kwa mvuke na shinikizo kubwa, pamoja na sodiamu haidroksaidi na salfaidi ya sodiamu, mpaka ile gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti, iitwayo lignini, iyeyuke. Kinachobaki ni nyuzi zenye rangi ya kahawia, na maji meusi mazito. Maji hayo meusi hayamwagwi: hukaushwa mpaka yanakuwa kama uji wa muhogo, yakachomwa kwenye boila kubwa, yakatoa mvuke wa kuendesha mitambo, na dawa zilizotumika zikaokolewa ili zirudi kupika tena. Nyuzi huoshwa, zikapaushwa, zikachanganywa na maji mengi kiasi kwamba ukiutazama mchanganyiko huo utadhani ni maziwa yaliyozimuliwa. Mchanganyiko humwagwa juu ya wavu unaokimbia, maji yakachuruzika, utando uliobaki ukakamuliwa na kupitishwa juu ya mapipa yanayochomwa kwa mvuke, na mwishoni ukazungushwa kuwa bunda kubwa. Alipofika hapo mzee alinyoosha kiganja kama anayegusa kitu kinachopita, akasema kuwa fundi mzuri alijua unene wa karatasi kwa sikio, kwa jinsi mashine ilivyonguruma. Canton ilitengeneza hasa karatasi nzito ya paketi za maziwa na juisi. Mtoto wa ile familia ya Ohio aliuliza paketi zinatoka wapi siku hizi. Zinatoka viwanda vingine, mbali na hapa, alijibiwa, na mtoto akatazama uzio kana kwamba ameambiwa habari ya kifo.

Habari ya kufungwa aliieleza kwa maneno machache. Mwaka 1999, kampuni ilipotaka kukiuza kiwanda, wafanyakazi kupitia chama chao waliungana na mfuko wa uwekezaji wakakinunua. Walikubali kupunguziwa mishahara ili wapate hisa. Kwa miaka kadhaa mtu aliyeingia zamu ya usiku aliingia mahali ambapo sehemu yake ilikuwa mali yake. Mwaka 2007 kiliuzwa tena. Tarehe 6 Machi 2023 ikatangazwa kuwa kitafungwa, na mwezi wa Mei mwaka huohuo mashine zikazimwa. Watu wapatao 1,100 walipoteza kazi, katika mji wa watu 4,400. Mwanawe mzee alikuwa mmoja wao, na sasa anaendesha gari saa moja kila siku kwenda kwenye kazi yenye malipo pungufu. Jambo jingine, ambalo mgeni hawezi kulijua asipoambiwa, ni kwamba majitaka ya mji wote yalikuwa yakisafishwa na mitambo ya kiwanda. Kiwanda kinapokufa, hata choo cha nyumbani kinakuwa swali kwa baraza la mji.

Aliniuliza mbele ya wenzetu kama kiwanda cha kwetu kilifunguliwa tena. Nilimweleza ukweli: kilijaribiwa, kikasimama tena, na mwaka 2016 kikauzwa kwa mwekezaji mpya aliyekirudisha kazini, lakini waliokuwa wameondoka hawakurudi wote, na mtoto aliyekuwa na miaka saba kilipofungwa alikuwa na 14 kiliponunuliwa, utoto wake ukiwa umekwisha. Mzee alitikisa kichwa polepole. Hatukusema jambo jingine mpaka tuliporudi darajani.

Jumamosi, 25 Mei

Tulipanda juu ya mto, kwenye tawi lake la magharibi, hadi Ziwa Logan. Ziwa hili si la asili; bwawa lake lilijengwa mwaka 1932 ili kiwanda kisikaukiwe na maji wakati wa kiangazi, na likapewa jina la Logan Thomson, mwana wa mwanzilishi. Kabla ya bwawa palikuwa na kijiji cha wakata mbao kilichoitwa Sunburst, chenye reli yake ndogo ya kuteremshia magogo. Leo ni maji matulivu na ukimya, na mtu asiyeambiwa ataapa kwamba bonde hili halijawahi kusikia shoka.

Mzee hakuja; miguu yake ilihitaji kupumzika, lakini alikuwa amenipa kazi ya kufanya. Alinitaka nitafute mchestinati. Huo ni mti uliokuwa mfalme wa misitu hii, mrefu, mnene, unaozaa karanga tamu ndani ya maganda yenye miiba, na ambao watu, nguruwe, dubu na wale njiwa wahamao wote waliutegemea. Kiwanda kiliutegemea pia kwa namna ya werevu: vipande vyake vilichujwa kwanza tanini ya kulainishia ngozi, kisha vipande vilevile vikapikwa kuwa karatasi, na hivyo mti mmoja ukauzwa mara mbili. Mwaka 1904 ugonjwa wa ukungu uliotoka Asia uligunduliwa New York, ukaenea kusini msitu baada ya msitu, na kufikia miaka ya 1940 karibu michestinati yote mikubwa ilikuwa imekufa. Mizizi haikufa yote. Nilikuta, kando ya njia, chipukizi lenye kimo cha mtoto wa miaka kumi, majani yake marefu yenye meno pembeni kama msumeno. Litakua kidogo, ukungu utalifikia, litakauka, na mzizi utatoa jingine. Nililigusa, nikakaa chini karibu nalo kwa muda ambao mpwa wangu aliuona ni mrefu, kwa maana aliniita mara mbili, "Mjomba, tunaondoka?"

Kiwanda kilikuwa na ardhi nyingi zaidi ya hii. Mwaka 1931 kiliuza zaidi ya ekari 90,000 zilizoingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains, baada ya mvutano mrefu juu ya bei, nazo zilikuwa eneo kubwa kuliko lolote lililotoka kwa mmiliki mmoja. Mamilioni ya watalii wanaopita hifadhini kila mwaka wanatembea juu ya msitu ambao kampuni ya karatasi ilikuwa imeanza kuukata. Jambo hili linastahili kutajwa katika kila matembezi ya Canton, kwa sababu linawazuia watu kuamini kwamba mlima wenye miti mizuri na mji wenye dohani ni dunia mbili zisizojuana.

Jumapili, 26 Mei

Baada ya ibada mzee alitutembeza Gibsontown, mtaa wa familia za Wamarekani weusi. Matembezi yalikuwa mafupi, kwa kuwa mtaa wenyewe ni mdogo. Hapa ilikuwapo shule ya Reynolds, iliyowasomesha watoto weusi hadi katikati ya miaka ya 1960, wakati sheria za ubaguzi zilipokuwa zikiwakataza kukaa darasa moja na watoto weupe, ingawa baba zao wote waliitika honi moja. Mama mmoja mkongwe aliyekuwa amekaa barazani alituita, akauliza nimetoka wapi, na aliposikia Kenya alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Alisoma Reynolds. Alisema walimu wake walikuwa wakali na walivaa vizuri, na kwamba walipounganishwa na shule nyingine walipata vitabu vipya lakini walimu wao hawakuonekana tena mbele ya darasa. Mimi ni mwalimu, na maneno hayo nitarudi nayo nyumbani.

Mzee wetu alisimama pembeni muda wote huo bila kusema neno. Baadaye, tukirudi, alikiri kwamba katika miezi yake ya kwanza ya kuwatembeza watu hakuwa akipita mtaa huu, na kwamba ni yule mama aliyemsimamisha dukani akamwuliza kwa nini.

Jumatatu, 27 Mei

Ni siku ya mapumziko nchini, ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, na bendera ndogo zilikuwa zimepangwa makaburini. Tuliufuata mto kuelekea chini kwa gari, kupitia korongo jembamba ambamo barabara kuu namba 40 na Pigeon hubanana ubavu kwa ubavu, hadi Hartford, ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Tennessee. Mzee aliketi mbele na mpwa wangu. Alikuwa amesema tangu siku ya kwanza kwamba matembezi ya Canton hayakamiliki mpaka mtu atembee Hartford, na mimi sikuwa nimemwelewa.

Huku ndiko maji ya kiwanda yalikokwenda. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 mto ulipita hapa ukiwa na rangi ya kahawa, kwa sababu ya lignini, na wakati mwingine na povu juu yake. Katika miaka ya 1980 ikajulikana pia kwamba klorini iliyotumika kupausha karatasi ilikuwa ikizalisha sumu iitwayo dioksini, na watu wakaonywa wasile samaki. Watu wa Tennessee hawakupata ajira wala ushuru kutoka Canton. Walipata mto tu, jinsi ulivyokuwa. Majimbo mawili yalifikishana mahakamani, na serikali kuu ikaingilia kati. Kule juu, maelfu waliandamana kulinda kazi zao. Huku chini, watu walihesabu waliokufa kwa saratani na kukiita kijiji chao mji wa wajane. Mzee alisimulia haya tukiwa tumesimama kwenye ukingo, na alisema wazi kwamba yeye alikuwa mmoja wa walioandamana, akiwa na mke, mtoto mchanga na mkopo wa nyumba, na kwamba hakuwa amewahi kufika Hartford hata mara moja, ingawa ni mwendo wa chini ya saa moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kiwanda kilitumia zaidi ya dola milioni 300 kubadilisha mitambo. Klorini halisi iliondolewa katika upaushaji, oksijeni ikaingizwa kufanya sehemu ya kazi, na ukabuniwa hapohapo utaratibu wa kuyarudisha maji ya upaushaji ndani ya mzunguko badala ya kuyamwaga mtoni. Maji yakaanza kung'aa. Tennessee iliondoa onyo lake kuhusu samaki mwaka 2003, na North Carolina ikafuata mwaka 2007. Wataalamu wakarudisha samaki wadogo na konokono waliokuwa wametoweka, na Hartford, kijiji cha wajane, kikawa mahali pa kupanda mashua za mpira na kuteremka mawimbi ya maji yanayofunguliwa kutoka kituo cha umeme cha Waterville.

Leo kulikuwa na vijana wengi, kofia za plastiki vichwani, wakipiga kelele za furaha. Tulitembea ukingoni kwa saa nzima. Mzee alikwenda polepole kuliko siku zote, na mara kwa mara aliinama akachota maji kwa kiganja, akayatazama, akayaachia. Mpwa wangu alimwuliza kama anajuta. Alijibu kwamba alitengeneza karatasi nzuri, na kwamba mto ulikuwa mchafu, na kwamba amechoka kuombwa achague moja kati ya hayo mawili. Nilipenda jibu hilo kwa sababu halikumpa nafuu yeye wala sisi. Mimi nami nilijiuliza ni lini nimewahi kutembea kando ya mto wetu wa Nzoia, chini ya Webuye, nikawauliza wanaochota maji huko. Sijawahi. Nilizaliwa juu ya mto, nikaishi juu ya mto, nikafundisha juu ya mto.

Jioni tulimrudisha Canton. Alitaka tumwache darajani, si nyumbani kwake.

Nyongeza, Oktoba 2024

Nilikuwa nimekwisha kurudi Kenya nilipoona picha. Tarehe 27 Septemba mabaki ya tufani Helene yaliipiga milima ile kwa mvua isiyo na mfano. Pigeon uliingia katikati ya Canton kwa mara nyingine, barabara kuu namba 40 ndani ya lile korongo ikamegwa na kuanguka mtoni, na Hartford ikapigwa vibaya sana. Mpwa wangu yuko salama, ingawa mabomba ya Asheville yamekauka na anapanga foleni ya maji na ndoo mkononi. "Mjomba," aliniambia, "sasa tunaishi kama kijijini kwa bibi."

Mzee nilimpata kwa simu baada ya siku 12. Nyumba yake iko mlimani na maji hayakuifikia. Alisema Park Street ilikuwa imejaa tope, kwamba mwanawe alikuja na koleo mbili, na kwamba wawili hao wamekuwa wakisafisha ukumbi mmoja baada ya mwingine pamoja na watu wasiowajua. Zile ngazi mbili za Fibreville zilikuwa zimefukiwa. Alizichimbua mwenyewe siku ya nne, akazisugua kwa brashi, na tayari amekwisha kumtembeza mtu mmoja kutoka hapo hadi langoni: fundi wa umeme aliyekuja kusaidia kutoka jimbo la mbali, akauliza ni mji wa nini huu.